Maji ya Mabomba Matatu

Jumatatu, 7 Agosti 1905

Daftari la boma ni la Bwana Lenz. Hili ni langu. Kule naandika hesabu ya maji kwa Kijerumani. Hapa naandika yale ambayo kule hayaandikiki. Litakaa ndani ya gunia la mtama. Hakuna mtu wa kulisoma na asiwepo.

Kazi imeanza leo. Bwana Lenz ni fundi wa maji, ametumwa kutoka pwani. Anataka kuyaleta maji ya chemchemi ya Matogoro hadi hapa boma la Songea kwa bomba moja pana, pana kiasi kwamba mkono wangu unaingia mpaka begani na bado kuna nafasi. Lakini bomba la kitu gani? Hilo ndilo tunalolipima. Amelaza mistari mitatu kwenye mteremko nyuma ya boma, toka kijito hadi birika la uani. Yote ina hatua arobaini, na upana ni ule ule. Mmoja wa chuma cha Ulaya. Mmoja wa mti: magogo ya mninga, Isidori ameyatoboa katikati kwa keekee, akayafunga pete. Isidori ni seremala, Mngoni, amefundishwa na mapadre wa Peramiho. Mmoja wa udongo wa kuchoma, kazi ya Bi Tabu, mfinyanzi. Huyo ni Myao kama mimi, wa kwetu Nakapanya.

Kila asubuhi ndoo hamsini zinamiminwa juu, kwenye hori. Mimi, karani wake, nakaa chini nahesabu zinazotoka.

Vile vipande kumi vya chuma vilibebwa kutoka Lindi. Watu wanane kila kipande, siku thelathini na tano njiani. Mmoja alibingirikiwa na bomba karibu na Nakapanya, akafa palepale. Na hivyo ni vipande kumi tu! Nimepiga hesabu ya kutoka hapa hadi Matogoro: vipande elfu moja na mia tano na zaidi. Mabega ya watu elfu kumi na mbili. Chuma kikishinda, watatolewa wapi hao? Kila mtu hapa anajua watatolewa wapi.

Jambo moja limenikaa rohoni. Katika daftari Bwana Lenz ameandika mwenyewe majina ya mistari mitatu. »Chuma« kwa wino. »Mti« na »udongo« kwa penseli.

Alhamisi, 10 Agosti

Maji ya kwanza. Chuma: ndoo arobaini na tisa. Udongo: arobaini na nne. Mti: thelathini na moja!

Maji yalichuruzika katika kila kiungo cha mti, njia nzima tope. Bwana Lenz alicheka, akaandika kwamba mti haufai. Isidori hakukasirika hata kidogo. Alikaa amechuchumaa anavuta ugoro wake. Nikamwambia, ndugu yangu, umeshindwa mapema. Akasema mti mkavu una kiu, hunywa kwanza wenyewe, ukishiba ndipo unawapa watu. Tusubiri siku nne.

Chuma kimetoa maji mekundu. Bi Tabu alichovya kidole, akaonja, akatema.

»Shikamoo, mama,« nikamwambia. »Mbona unatema?«

»Marahaba, mwanangu. Haya ni maji au kuna mtu amechinjwa humo ndani?«

Nimemtafsiria Bwana Lenz. Akasema ni kutu, itaisha. Nimeandika: kutu, itaisha.

Jumatatu, 14 Agosti

Isidori alisema kweli. Mti: arobaini na nane. Magogo yamevimba, viungo vimejifunga vyenyewe. Chuma: arobaini na tisa, bado mekundu, chai imekuwa nyeusi kama wino. Udongo: arobaini na saba. Bi Tabu amepaka viungo nta na majivu, na maji yake ndiyo baridi kuliko yote, hata askari wanakuja kuyakinga kwa mikono.

Nilimwonyesha Bwana Lenz hesabu. Halafu akaniuliza kama nina hakika nahesabu vizuri.

Nina hakika. Nimeanza pia kuwa na hakika ya kitu kingine. Mchana huu nimemwona Bwana Lenz anazungumza na Abasi kando ya ghala. Abasi ni nyapara wa wapagazi, ndiye aliyevileta vyuma vile kutoka Lindi. Msafara mkubwa ukiitwa, mkubwa wa msafara ni yeye — watu elfu kumi na mbili chini ya kiboko kimoja. Nilipopita walinyamaza. Abasi akanisalimu. Huwa hanisalimu.

Jumatano, 16 Agosti

Udongo: ndoo ishirini!

Kipande cha nne kimepasuka. Bi Tabu alilala kifudifudi, akapitisha kiganja juu ya ufa kama anayepapasa mtoto mgonjwa. Akasema chungu kikipasuka kwa maji, ufa hutoka ndani kuja nje. Huu umetoka nje kwenda ndani. Umepigwa. Hakumtazama mtu yeyote aliposema. Basi kila mtu akamtazama mwenzake.

Nani? Nimejiuliza mchana kutwa. Abasi — sababu anayo. Bwana Lenz mwenyewe — sababu anayo, lakini mzungu kushika jiwe? Isidori — udongo ukianguka, mti unabaki peke yake kushindana na chuma. Na jana alasiri Isidori hakuwepo kazini. Jumatano iliyopita pia alitoweka. Nilipomuuliza alikuwa wapi alisema, »Kuangalia miti.« Seremala huangalia miti, sawa. Lakini alijibu haraka mno.

Siwezi kumwandika mtu kwa sababu ya kujibu haraka.

Ijumaa, 18 Agosti

Baada ya swala, Kassimu alinifuata mpaka mlangoni kwangu. Ni mchuuzi wa chumvi, amefika juzi kutoka njia ya Liwale. Aliingia bila kukaribishwa, akafunga mlango.

Anasema huko mashariki watu wanapewa maji. Maji ya dawa. Ukinyunyiziwa, risasi ya mzungu inakugusa inayeyuka, inakuwa matone. Umatumbi kote watu wamekwisha inuka. Nikamwambia anyamaze. Akasema ananyamaza, lakini anataka nimjibu neno moja: ni kweli kwamba mzungu wa Songea amesikia habari hiyo, na sasa anatengeneza bomba ili ayafunge maji yote ya Matogoro ndani ya chuma, watu wasipate ya kutengenezea dawa?

Nilicheka! Nikamweleza — ndoo, viungo, birika, wazungu wanataka kuoga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

»Bashiru,« akasema, »na kila siku wewe unakaa pale unaandika maji, maji, maji. Unamwandikia nani?«

Ameondoka. Sasa sicheki tena. Wangapi wananiona hivyo?

Jumapili, 20 Agosti

Nimefanya jambo la aibu. Nimemfuata Isidori.

Kila Jumapili huondoka alfajiri, husema anakwenda misa Peramiho. Nikamfuata kwa mbali. Alishika njia ya misheni sawasawa mpaka kijito cha pili, halafu — akakata kulia! Si njia ya Peramiho. Nilijibanza nyuma ya kichuguu. Chini kwenye bonde walikuwepo watu saba, wanaume tu, watatu kati yao wazee wenye nywele za mvi. Hawakuwa na jembe wala shoka. Mmoja alimpa Isidori kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi. Isidori alikipokea kwa mikono miwili. Akakitia ndani ya shati.

Kwa mikono miwili!

Nimerudi bomani peke yangu. Nimekaa naye wiki mbili. Tunakula kwenye sinia moja, yeye hupiga ishara ya msalaba, mimi husema bismillahi, tukacheka. Na leo sijui nilikuwa nakula na nani.

Jumatatu, 21 Agosti

Mti: arobaini na tisa. Chuma: arobaini na tisa. Sawa kwa sawa! Udongo: arobaini na sita, Bi Tabu amebadilisha kipande.

Bwana Lenz alikuwa na hasira. Akaniuliza: kuna jambo lolote la ajabu kwa mafundi wale? Alitaka kusikia kwamba wanamimina ndoo za ziada kwa siri, nadhani. Ningeweza kusema hapana. Nikasema kwamba Isidori jana hakwenda misa.

Hilo tu. Kibuyu sikukitaja. Wale watu saba sikuwataja. Lakini alichomoa kijitabu chake mfukoni, akaandika. Kwa wino.

Kwa nini nilisema? Kwa sababu nilitaka niwe nimesema kitu. Ili siku ikija, isionekane kwamba nilijua nikanyamaza. Ndiyo hivyo, nimeandika ukweli, na haupendezi.

Alhamisi, 24 Agosti

Nimemwona.

Saa saba mchana, wote wamekwenda kula. Nilirudi kuchukua penseli niliyoisahau kwenye hori. Abasi alikuwa amesimama juu ya mstari wa udongo, ana mtaimbo mkononi. Aliunyanyua kidogo, akauachia. Sauti ndogo kabisa, kama mtu amevunja kibuyu. Akasogea hatua mbili. Akauachia tena. Hakuwa na haraka wala hasira. Kama mtu anayetwanga.

Akageuka, akaniona.

»Karani. Umeona nini?«

»Nimefuata penseli yangu.«

»Umeipata?«

»Nimeipata.«

»Basi nenda.«

Nikaenda! Mimi, mtu mzima mwenye kofia, nikaenda. Alasiri udongo ulitoa ndoo kumi na moja. Bwana Lenz aliamuru niandike: udongo ni dhaifu, hauvumilii. Nimeandika. Bi Tabu alisimama nyuma yangu. Hajui kusoma, lakini alitazama mkono wangu mpaka nilipomaliza. Kisha akakusanya vigae vyake kwenye kanga, akaondoka bila kuniaga. Kesho atakuwa njiani kurudi kwetu Nakapanya, najua.

Kumbe Isidori hakuvunja kitu. Lakini kibuyu je? Mtu anaweza asiwe mwovu wa jambo hili na akawa wa lile.

Jumanne, 29 Agosti

Habari zimekuja wazi sasa. Liwale imeanguka. Bomani wanajaza magunia ya mchanga madirishani. Mkuu wa boma ametoka na askari wengi kwenda upande wa mashariki. Hapa amebaki Shaushi Hamisi, mkubwa wa askari, na askari ishirini na watano. Na Bwana Lenz, ambaye sasa anavaa bastola hata akienda kupima maji.

Leo Bwana Lenz aliniita chumbani. Shaushi alikuwepo. Abasi naye alikuwepo, amesimama mlangoni, mikono nyuma. Daftari la maji lilikuwa wazi juu ya meza — si lile la Kijerumani, lile la rasimu ninaloandika kwa Kiswahili nikihesabu ndoo. Shaushi, anayejua kusoma kidogo, alikuwa ameweka kidole juu ya mstari.

»Soma.«

Nikasoma. »Maji ya Isidori, ndoo arobaini na tisa. Maji ya Bi Tabu, ndoo kumi na moja.«

»Endelea.«

»Maji ya Isidori, ndoo arobaini na tisa.«

»Kila siku,« akasema Shaushi. »Maji ya Isidori. Yanakwenda kwa nani hayo?«

Nilidhani ni mzaha. Nikaeleza: ni kipimo, Bwana Lenz mwenyewe anajua, yeye ndiye aliyeagiza! Nikamgeukia kwa Kijerumani. Bwana Lenz alikuwa anatazama dirishani. Akasema aliagiza kupima mabomba. Hakuagiza kuandika majina ya watu.

Na ni kweli. Majina niliyaweka mimi. Kwa wepesi tu. Ilikuwa rahisi kuandika Isidori kuliko kuandika bomba la mti.

Alhamisi, 31 Agosti

Wamemkamata. Alikuwa anapaka magogo mafuta, walimkuta keekee mkononi, wakasema ni silaha.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nani mwingine? Bwana Lenz anauliza kwa Kijerumani, mimi namgeuzia Isidori kwa Kiswahili, Isidori anajibu, mimi namrudishia. Muda wote Isidori alinitazama mimi, kana kwamba maswali yalikuwa yangu.

Jumapili ya tarehe ishirini ulikuwa wapi? Akajua palepale. Niliona amejua.

Alisema alikwenda kuchukua mafuta ya mbarika, ya kupaka mti usioze. Kunegunda, mke wake, alikuwa langoni tangu asubuhi na kikapu cha mbarika zenyewe kama ushahidi. Shaushi hakumruhusu kuingia. Kibuyu kilipatikana nyumbani kwao. Nilikinusa: mafuta ya mbarika, hakuna kingine. Nikasema hivyo kwa Kijerumani, kwa sauti, mara mbili.

Lakini mafuta hayahitaji watu saba. Hilo sikulisema. Hawakuniuliza, kwa kuwa hawajui. Ninayejua ni mimi peke yangu. Na Isidori hakueleza wale saba walikuwa kina nani.

Kabla ya kumpeleka kifungoni aliniambia, kwa utulivu, kama tunavyozungumza tukila:

»Ungeniuliza, karani. Ningekuambia.«

Jumamosi, 2 Septemba

Chuma kimekufa! Asubuhi nilimimina ndoo hamsini — zikatoka tisa. Viungo vyote viko wazi. Risasi iliyoyeyushwa kuzibia viungo vile imekwanguliwa yote, safi, kiungo baada ya kiungo.

Nilikimbia kumwambia Shaushi: risasi imeibwa! Askari wakarukia bunduki zao, wakaanza kuhesabu mikanda. Ilibidi nipige kelele — risasi ya bomba, si ya bunduki! Shaushi akanitazama kwa huruma.

»Karani, unadhani wameichukua wakafanyie nini?«

Wapagazi wa Abasi wametoroka wote, ndio waliokuwa wanalala karibu na mabomba. Abasi amebaki nyapara wa mtu mmoja, yaani yeye mwenyewe. Anazunguka uani ana kiboko, hana wa kumpiga.

Udongo ni vigae. Chuma ni matundu. Mti unatiririka.

Bwana Lenz alikuja kukagua. Nilidhani atasema neno kuhusu Isidori. Akaniambia niandike kwamba chuma kiliharibiwa na watu, hivyo kipimo chake cha mwisho kisihesabiwe. Nikamuuliza: na udongo? Nao uliharibiwa na mtu, Bwana. Nilimwona mimi.

Lilinitoka hivyo tu, siku tisa limechelewa. Nikamtaja Abasi na mtaimbo wake.

Akafunga daftari. Akasema tutazungumza vita ikiisha.

Jumapili, 3 Septemba

Milio ya bunduki tangu alfajiri, upande wa Namabengo. Lango limefungwa. Kuna moshi upande wa magharibi pia, hatujui ni nini kinaungua.

Kisima cha ndani kimebaki matope. Maji yanayoingia bomani ni yale tu ya bomba la mti, tangu jana jioni tulipokielekeza kijito kwenye hori lake. Birika limejaa mpaka ukingoni, meupe, safi. Askari ishirini na watano wamelizunguka, midomo imekauka, na hakuna anayekunywa.

Wanasema Isidori ametia dawa kwenye magogo. Ombasha mmoja, msaidizi wa Shaushi, anasema ukiyanywa bunduki yako itatoa maji. Mwingine anasema hapana, ni sumu, tutakufa kabla ya magharibi. Bwana Lenz anakunywa mvinyo wake chumbani.

Nilikwenda mlango wa mahabusu. Nikamsemesha Isidori kupitia tundu la dirisha. Nikamuuliza — sasa ndiyo nikamuuliza! Wale watu saba.

Akasema ni wazee wa ukoo. Walimtaka aache kazi ya boma, aende nao. Alikataa. Wakampa mafuta ili wasiachane kwa ubaya. Basi.

»Na maji?«

»Wewe umeyapima karibu wiki nne. Mimi nimo humu siku ya nne. Unaniuliza mimi?«

Nikamuuliza tena, Mungu anisamehe. Nilimsikia anageukia ukutani.

Shaushi Hamisi ameamua. Mtu mmoja atakunywa mbele ya wote, na awe mtu anayeyajua maji haya kuliko wengine. Akikaa salama hadi adhuhuri, wote watakunywa, na huyo seremala atatolewa aje alinde bomba lake. Akikataa kunywa, jibu tumelipata, na seremala atakuwa wa kwanza kutolewa nje ukutani kupigwa risasi.

Nimeomba nafasi ya kuandika hesabu ya leo kwanza. Shaushi amekubali, anaheshimu maandishi. Nilichomoa daftari hili, ambalo tangu jana nalificha ndani ya nguo, badala ya lile, hakuna aliyetambua.

Nimekaa ukingoni mwa birika. Kikombe cha bati kimejaa, kiko kwenye mkono wangu wa kushoto. Nimekinusa. Hakina harufu. Nimekinusa tena. Maji ya kutu yana harufu, ya udongo yana harufu, haya ya mti yalikuwa na harufu kidogo ya mninga siku za kwanza — iliisha lini? Sikuandika. Mambo yote niliyoyaandika, hilo sikuliandika!

Namwamini. Ningekuwa simwamini nisingekaa hapa. Lakini ningekuwa namwamini ningekuwa nimekwisha kunywa.

Abasi amesimama mbele yangu, ameegemea nguzo, anatabasamu. Kwenye dirisha la mahabusu naona vidole vinne vimeshika kingo. Ananiona. Anauona mkono huu unavyoandika, na ule mwingine usivyonyanyuka.

Shaushi ameuliza kama hesabu ni ndefu leo. Nimemwambia kidogo tu, bado mstari mmoja. Penseli ikiinuka nitalazimika kunywa, kwa hiyo naandika, ndoo hamsini juu, ndoo arobaini na tisa chini, mti, safi, tarehe tatu, ndoo hamsini juu, ndoo arobaini na tisa